Ploti Hii Haiuzwi: Historia Fupi ya Mabango ya Nairobi

Desemba moja, miaka kadhaa iliyopita, mamangu alimlipa kijana mmoja wa rangi shilingi mia tano aandike maneno matatu ukutani: PLOTI HII HAIUZWI. Ploti yenyewe ni 50 kwa 100, huko Kangundo Road, mbele ya Ruai. Aliinunua na pesa za chama, kidogo kidogo, kwa miaka sita. Wakati huo ilikuwa na ukuta wa mawe upande wa barabara, geti la mabati na mahindi ya jirani aliyetuomba apande.

Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Sasa Mama, nani amekuuliza kama unauza?"

Akaniambia, "Ngoja."

Aprili iliyofuata, kijana wa duka la hapo karibu alimpigia simu. Alitaka kujua mbona tunauza bila kumwambia, na yeye ana mjomba anayetafuta ploti. Kumbe mtu alikuwa amepigilia ubao kwenye nguzo ya geti letu: INAUZWA, hati iko tayari, na namba ya simu. Nilipiga hiyo namba nikijifanya mnunuzi. Mama alikuwa ameketi kando yangu akiambua njegere. Jamaa aliyeshika simu alikuwa na adabu sana. Aliniita boss. Alisema ploti iko safi, mwenyewe ni mzee yuko majuu, anataka kuuza haraka. Nikamuuliza, na hayo maandishi ya ukutani?

"Ah, hiyo si shida, boss. Tutapaka rangi juu."

Mama aliendelea kuambua njegere, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuta za Nairobi vile watu wengine husoma gazeti. Ukizisoma kwa muda utaona jambo: kila bango la ardhi au la mjengo lina sheria nyuma yake, na kila sheria ina historia ya nani alistahili kuambiwa na nani hakustahili.

Vigingi kabla ya maneno

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, mahali pa kuegesha treni na vifaa kabla ya kupanda kwenda Bonde la Ufa. Wamaasai walikuwa wanapaita Enkare Nairobi, mahali pa maji baridi. Alama za kwanza za umiliki ambazo serikali ya kikoloni iliweka hapa hazikuwa na maneno. Zilikuwa vigingi na mawe ya wapima ardhi, zile tunazoziita bikoni mpaka leo. Jiwe la bikoni ni bango la aina yake. Halisemi chochote kwa mpita njia. Linaongea na mtu mwenye ramani. Kama huna ramani, ni jiwe tu, lakini ukiling'oa umevunja sheria, na sheria hiyo bado ipo.

Hivyo ndivyo mji ulivyojengwa: habari kamili kwa walio na karatasi, na adhabu kwa wasio nayo.

Mwaka 1902 tauni ilipoingia kwenye soko la Wahindi, wakuu waliamuru soko lichomwe. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi iliongeza muda wa kukodisha mashamba kutoka miaka 99 hadi 999, na ikampa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihame kutoka kwa mtu wa rangi moja kwenda kwa mtu wa rangi nyingine. Mwaka 1923 London ilitangaza kwamba haitatenga tena Wazungu na Wahindi mijini kwa nguvu ya sheria. Lakini kwenye hati za ploti nyingi za vitongoji vya Wazungu masharti yalibaki: Mwafrika au Mhindi asikae hapa, isipokuwa kama mtumishi.

Jambo la kuangalia hapo ni kwamba hakukuwa na haja ya kuweka bango kwenye lango. Sharti lilikuwa ndani ya hati, na hati ilikuwa kwenye kabati ya wakili. Wewe ungejua umekosea pale tu askari atakapokusimamisha akuulize kipande chako kiko wapi.

Upande wa pili wa mto mambo yalikuwa tofauti. Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao wenyewe, lakini juu ya ardhi isiyokuwa yao. Mtaa ukaitwa Majengo. Ukifikiria, ni jina la ajabu: majengo, bila ardhi. Karibu na hapo palikuwa na kijiji cha Pangani, ambacho kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wakaelekezwa kwenye nyumba mpya za manispaa. Wazee husimulia kwamba walipolalamika waliambiwa hilo ni shauri la moyo wako: ukitaka hamia, usipotaka shauri yako. Mtaa ukabaki na jina Shauri Moyo. Ikiwa simulizi hiyo ni ya kweli, basi jina la mtaa huo ni ilani ya kubomolewa ambayo haijawahi kushushwa ukutani.

Mbwa Kali

Sijui kama umewahi kujiuliza kwa nini geti nyingi za Nairobi zimeandikwa "Mbwa Kali". Mwalimu wako wa Kiswahili angekata hayo maneno kwa kalamu nyekundu. Ni mbwa mkali. Sarufi ya bango hilo inanuka Kisetla, kile Kiswahili cha amri ambacho mzungu wa shamba alikitumia kwa mpishi na mtunza bustani. Wazungu wengi waliondoka, nyumba zikabadilisha wenyewe, lakini bango lilibaki, na kosa lake pia. Siku hizi mpaka fundi wa vibao River Road akiandika "Mbwa Mkali", mteja atamwambia amekosea.

Bango hilo lilinifungua macho. Zunguka mtaani siku moja uangalie ni lugha gani inasema nini. HATARI, kwenye nguzo za stima. Usikojoe hapa. Usitupe takataka. Hakuna njia. Ploti hii haiuzwi. Kiswahili kiko kila mahali ambapo mtu anaonywa au anatishwa.

Halafu nenda kwenye geti la mjengo usome ule ubao mkubwa wenye majina na namba. Usome karatasi iliyofungwa kwa waya kwenye ua ikisema mwenye ploti anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi. Hapo ni Kizungu kitupu, tena cha wakili.

Kwa hiyo ukiweka mabango yote ya Nairobi kwenye meza moja, utaona mji umegawa lugha zake vizuri sana. Kiswahili ni cha kukufukuza. Kiingereza ni cha kukuambia haki zako.

Ubao wa mjengo

Ule ubao wa mjengo una ukoo mrefu. Sheria ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji gharama ilitungwa Kenya miaka ya 1930, kwa mfano wa Uingereza. Kwa desturi ya kazi hiyo, msanifu hakupaswa kujitangaza kama muuza sabuni. Ubao wa mjengo ulikuwa moja ya sehemu chache ambapo jina lake lingeonekana hadharani, kwa herufi za heshima. Kwa hiyo mwanzoni ubao ulikuwa kama kadi ya jina. Mabwana walikuwa wanajulishana nani amechora nini.

Baada ya Uhuru, Kenya ilijenga kwa kanuni za majengo za mwaka 1968, ambazo zilikuwa zimetokana na kanuni za Waingereza. Kanuni hizo zilitumika kwa zaidi ya miaka hamsini. Kanuni mpya za kitaifa, zile za 2024, zilianza kutumika Machi 2025. Fikiria kidogo: mtu aliyezaliwa mwaka kanuni za zamani zilipotoka amekaribia kustaafu kabla hazijabadilishwa. Katikati ya hapo Nairobi ilipanda kutoka nyumba za mabati hadi ghorofa za Pipeline zinazozibiana jua.

Kilichobadilisha kazi ya ubao ni maiti. Januari 2006 jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa liliporomoka karibu na Nyamakima, katikati ya mji, mchana, mafundi wakiwa kazini. Watu walichimba kwa mikono. Maswali yaliyofuata yalikuwa rahisi sana: nani alikuwa anajenga? Nani alichora? Nani alikagua? Haya ni maswali ambayo ubao ungepaswa kuyajibu kabla mtu hajafa.

Mwaka 2011 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na kanuni zake zikatoka 2014. Mkandarasi lazima asajiliwe, na mradi wenyewe lazima usajiliwe. Mkaguzi akifika kwenye mjengo, ubao ni kati ya vitu vya kwanza anavyovitafuta: jina la mradi, namba ya ploti, mwenyewe, msanifu, mhandisi, mkandarasi, na namba za usajili. Kadi ya jina ikageuka kuwa kiapo. Ukiweka jina lako hapo, umekubali kutafutwa.

Ndiyo maana mijengo mingi ya mtaani haina ubao. Ukiuliza, foremani atakuambia upepo uliung'oa. Au kuna ubao, lakini mhandisi aliyeandikwa hajawahi kufika hapo hata siku moja. Nimewahi kusikia fundi mmoja akimwita "mhandisi wa ubao", na wenzake wote wakacheka, kwa sababu kila mtu wa mjengo anamjua mtu huyo.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha vibaya, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma. Walikufa watu karibu 50. Maafisa walisema baadaye kwamba jengo hilo lilikuwa tayari limetajwa kama hatari, la kubomolewa. Na bado kodi ilikuwa inalipwa kila mwezi. Yaani kulikuwa na habari mahali fulani, kwenye faili fulani, kwamba nyumba hii itaua watu. Habari hiyo haikuwafikia waliolala ndani kwa njia ambayo ingewatoa.

Ukuta usio na bango

Kuna ubaya mwingine, wa kinyume. Mara nyingine kukosekana kwa bango ndiyo ishara yenyewe.

Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliuliza kwa sauti maswali ambayo ubao wa mjengo hujibu: nani anajenga, kwa ruhusa ya nani, kwa pesa za nani? Kwa kuuliza tu alitukanwa Bungeni. Lakini jumba halikujengwa, na bustani iko. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa na kuumizwa kichwani akitetea Msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kimyakimya.

Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u iliwasilisha ripoti yake mwaka 2004 na kuonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria: misitu, viwanja vya shule, ardhi ya barabara, hata vyoo vya umma. Ukisoma historia hiyo utaona mtindo mmoja. Kwanza linakuja ua la mabati, halina jina. Halafu ukuta. Halafu askari getini ambaye hajui mwajiri wake ni nani. Jina linakuja mwisho, jengo likishakamilika.

Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Ukuta haukuwa na bango linalosema ni wa nani. Watoto ndio walioleta maandishi, kwenye vipande vya karatasi walivyoshika mikononi. Polisi waliwarushia vitoa machozi. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na ukuta ukaanguka. Ninapofikiria sheria za mabango, nafikiria hao watoto: walikuwa wanadai kitu ambacho sheria inamdai mkandarasi yeyote, yaani jina.

Alama ya X

Serikali nayo ina bango lake, na ni fupi kuliko yote. Herufi moja, rangi nyekundu. Ukiamka ukute X kwenye ukuta wako, hakuna haja ya kamusi.

X inaweza kutoka kwa wakaguzi wa majengo, kwa watu wa barabara, au kwa watu wa reli. Mara nyingi haisemi ni nani, wala haisemi ukakate rufaa wapi. Inafanana na lile jiwe la bikoni la 1899: ishara ya mwenye ramani kwa asiye na ramani. Julai 2018, nyumba na shule zilibomolewa Kibera kupisha barabara. Novemba 2011, ilikuwa Syokimau, na hapo walioangukiwa na tingatinga walikuwa watu wa mikopo ya benki, wenye karatasi mkononi. Oktoba 2023, ilikuwa Mavoko. Watu walisimama mbele ya kamera wakishika hati, na nyuma yao kuna kifusi.

Hapo ndipo kizazi chetu kinapaswa kusoma sheria polepole. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema hati miliki ni ushahidi kwamba wewe ndiye mwenyewe. Lakini inasema pia kwamba hati inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria au kwa njia ya ufisadi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitilia nguvu jambo hilo kwenye kesi ya ardhi ya ufukweni Nyali, Mombasa: kama ardhi ilitolewa vibaya mwanzoni, anayeinunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati yake. Kwa lugha ya mtaa, usiulize tu kama hati iko tayari. Uliza ilizaliwa wapi.

Kwa hiyo lile bango la Kangundo Road linalosema "hati iko tayari" linajibu swali dogo. Swali kubwa haliandikwi kwenye bango.

Siku 14

Kuna bango moja la mwisho ambalo nataka ulitafute wewe mwenyewe. Mtu akitaka kugeuza nyumba ya familia moja iwe ghorofa kumi na sita, au iwe baa, lazima aombe ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Ombi hilo hutangazwa kwenye gazeti na kwenye ploti yenyewe, na wewe jirani una siku 14 za kupinga kwa maandishi. Siku hizi haya yako chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996.

Niliwahi kuliona tangazo kama hilo Kilimani. Lilikuwa karatasi ndani ya plastiki, kwa Kizungu, limefungwa ndani ya bougainvillea. Ili ulisome ingebidi uingize mkono kwenye miiba. Sheria ilikuwa imetimizwa. Na kando yake, kwa herufi kubwa ambazo ungeziona ukiwa kwenye matatu: MBWA KALI.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ukivisoma pamoja, sioni kwa nini ilani ya siku 14 isiandikwe kwa lugha ambayo mama mboga wa hapo kona anaisoma bila kuomba msaada. Ghorofa hiyo ikijengwa, yeye ndiye wa kwanza kuhamishwa. Wala sioni kwa nini X isiandikwe chini yake jina la ofisi, tarehe na mahali pa kulalamika. Rangi ni ileile, na mpiga rangi ni yuleyule.

Watu wangu watasema bango halizuii tingatinga. Ni kweli. Lakini broka wetu hakuwa na tingatinga. Alikuwa na ubao, namba ya simu na imani kwamba wenyewe hawatajua mpaka iwe too late, kama tunavyosema. Wizi mwingi wa ardhi hapa kwetu huanza hivyo: mtu anaandika, na wewe umelala.

Tulifanya nini? Asubuhi iliyofuata Mama alivaa nguo yake ya kanisa, akachukua bahasha yake ya kaki, tukaenda kuandikisha ripoti tukapata namba ya OB. Kisha tukaenda kwenye ofisi ya ardhi kufanya upekuzi rasmi. Jina lilikuwa bado lake. Tukaweka zuio kwenye rejista, ili ploti isihamishwe bila yeye kujulishwa. Nilipopiga tena ile namba ya broka, ilikuwa imezimwa.

Ubao wake tuling'oa wenyewe. Mama hakuutupa. Alisema ni mbao nzuri, akaupeleka nyumbani, na sasa ndio sehemu ya juu ya kibanda cha kuku. Na kila Desemba, kabla ya Krismasi, anamwita yule kijana wa rangi arudie yale maneno matatu ukutani. Mwaka jana bei ilipanda hadi shilingi mia nane. Mama alilalamika kidogo, kisha akamwambia aongeze neno la nne, jina lake.